Kifo Kilichocheleweshwa katika Kinjeketile

Tunapoisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein darasani, lawama moja haikosi kujitokeza: mwandishi amepotosha historia. Wanaolaumu wana ushahidi. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kiasi cha wiki mbili tu tangu Wamatumbi wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na Vita vya Maji Maji vikaanza. Katika tamthilia yu hai mpaka mwisho. Anashuhudia watu walioyaamini maji yake wakishindwa, anafungwa, na humo gerezani Kitunda, jemadari wake, anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Mimi naona kwamba hapo wanapopaita pabovu ndipo penye moyo wa tamthilia. Hussein mwenyewe alikwisha kutahadharisha kuwa mhusika wake na mtu wa historia hawafanani kwa kila kitu, kwa hiyo hahitaji mimi nimtetee kwa hilo. Swali lenye maana ni hili: alipata nini kwa kukichelewesha kifo? Kinjeketile wa historia hakuulizwa kitu na mtu wake yeyote baada ya kushindwa. Aliondoka duniani kabla ya shambulio la Mahenge, mwishoni mwa Agosti, ambako mamia ya watu waliiendea boma wakafyekwa na bombomu. Nabii anayeuawa mapema huwa hana deni. Wamarekani walimfanyia hivyo mganga wa Waapache, Nock-ay-det-klinne, huko Cibecue, Arizona, mwaka 1881: walikwenda kumkamata, wakamuua, na mafundisho yake yakabaki safi kwa sababu hayakupata kupimwa mbele ya macho yake. Hussein anamnyima Kinjeketile nafuu hiyo. Anamweka hai ili ajibu.

Uzito wa onyesho la gerezani unatokana na jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Kinjeketile hajaanza kutilia shaka gerezani. Muda mrefu kabla ya vita amekwisha gundua kwamba utabiri aliotoka nao mtoni unawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Tangu hapo anataka watu wasubiri, waungane kwanza, wajiandae. Lakini neno limekwisha toka kinywani, limewafikia Warufiji na Wamatumbi na wengine, na halimsikilizi tena aliyelisema. Kwa hiyo Kitunda anapomuuliza, ukweli wa maji si siri kati yao. Kinachobishaniwa ni nini kitakachosikiwa na watoto wao: kwamba maji yalikuwa uongo, au kwamba kupigana kulikuwa kosa? Kinjeketile anaogopa kuwa Mjerumani atayabeba maneno ya kwanza na kuyatangaza kama ya pili. Anayemwita mlaghai hajalisoma onyesho hili. Anayemwita shujaa asiye na doa pia hajalisoma. Na Kitunda, je? Yeye anazungumza kwa niaba ya waliokufa, na waliokufa wana haki ya kuambiwa ukweli. Hussein hamfanyi aonekane mjinga, wala hampi ushindi. Nafurahi hakumpa.

Kuna mahali ambapo tamthilia inanipungukia. Askari wanaowapiga wakulima na kuwasukuma shambani ni Waafrika, na mwandishi anawaacha bila majina, bila kwao, bila sababu. Naielewa hali ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jukwaa la Dar es Salaam lilihitaji umoja, na ugomvi wa Warufiji na Wamatumbi ulitosha kuwa onyo. Hata hivyo askari asiye na jina ni rahisi mno kumchukia. (Njaa iliyofuata vita, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi, nayo haimo, lakini pengine hiyo ni tamthilia nyingine.)

Sisi wa Kampala hatuna ruhusa ya kumwacha askari bila jina. Mfikirie Omukama Kabalega wa Bunyoro. Historia imetupa bure kile ambacho Hussein alilazimika kukibuni: kiongozi aliyebaki hai baada ya kushindwa. Alipigana miaka kadhaa, akakamatwa katika nchi ya Lango tarehe 9 Aprili 1899 pamoja na Kabaka Mwanga, akiwa amejeruhiwa hata mkono wake mmoja ukakatwa. Akapelekwa Ushelisheli, akabatizwa Yohana, akazeeka huko. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alifia Jinja, hajaifika Bunyoro. Zaidi ya miaka ishirini ya kukaa na swali la Kitunda! Ni rahisi kumwandikia hotuba za ushujaa za siku za vita. Sehemu ngumu, na kwa jicho langu ndiyo yenye tamthilia ndani yake, ni yule mzee wa kisiwani, na mtu wa Bunyoro anayemfuata kumuuliza kama ilifaa.

Tena katika kikosi kilichomkamata alikuwemo Semei Kakungulu na wapiganaji wake Waganda, na ardhi ya Bunyoro iliyopewa Buganda ilibaki ugomvi hadi kura ya mwaka 1964, iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi. Atakayeiandika tamthilia hiyo kwa Kiswahili atapaswa kumpa Kakungulu jina lake na maneno ya kujitetea, kisha aipandishe jukwaani papa hapa Kampala, mbele ya watazamaji ambao baadhi yao mababu zao walitembea nyuma ya Kakungulu.