Ghorofa Ndefu Kando ya Stesheni: Faida ni ya Nani?

Katika darasa moja la siasa hapa Tarime, kijana kutoka Mugumu alileta picha ya Dar es Salaam. Ilionyesha stesheni ya reli mpya ya umeme na, jirani yake, minara miwili ya PSPF yenye ghorofa 35. Wenzake walishangilia. Yeye aliuliza: "Ndugu Mkufunzi, haya ni maendeleo ya nani?" Swali hilo ndilo msingi wa uhakiki huu.

Jengo halipimwi kwa urefu wake. Hupimwa kwa kuuliza nani amelijenga, nani analitumia, na nani anapokea pango. Minara ile ya Barabara ya Sokoine haikujengwa na bepari. Ilijengwa na mfuko wa pensheni, kwa michango ya watumishi wa umma. Mwalimu wa Nyamongo aliyekatwa mshahara kila mwezi ni mmoja wa wenye jengo, hata kama hajapata kuliona. Tangu mwaka 2018 mfuko huo umeunganishwa na mingine kuwa PSSSF. Hiyo ni sifa, nasi tusiifiche.

Lakini umiliki wa jina hautoshi. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Uamuzi huo ulilegalega miaka mingi, mpaka Julai 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Waliopanga ofisi juu ya ofisi katika mji ambao Chama kilikwisha kuamua kuuhama walipanga kinyume cha siasa yao wenyewe. Hasara ya kosa kama hilo haimwangukii mchoraji wa ramani; humwangukia mchangiaji.

Sasa reli imefika mlangoni. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Bila shaka viwanja vya kando ya stesheni vitapanda thamani. Je, ni nani aliyeipandisha?

Mfugaji wa Serengeti anaweza kujibu. Kijiji kikichimba lambo kwa jasho la wote, nyasi za kando ya lambo huwa na thamani kuliko nyasi za mbali. Akitokea mmoja akazungushia uzio kando ile na kuwatoza wenzake wanaonywesha ng'ombe, kijiji kizima kitamwita mnyonyaji. Stesheni ni lambo. Imechimbwa na wote: kwa mikopo, kama ule wa dola milioni 1,460 wa Februari 2020, na kwa tozo ya reli iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa kutoka nje. Anayenunua kipuri cha pikipiki Mugumu ameilipia reli hiyo, ingawa kipande kilicho karibu naye zaidi ni kile cha Mwanza hadi Isaka. Azimio la Arusha lilikwisha tuonya mwaka 1967: mikopo hutumika mijini, lakini mlipaji mkubwa ni mkulima.

Tumewahi kulikabili jambo hili. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Unyonyaji wa pango ulipigwa. Lakini tujikosoe: majumba mengi yalichakaa, kwa sababu tulimwondoa mwenye nyumba bila kumpa mpangaji na mfanyakazi nguvu ya kusimamia. Baadaye Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali kwamba haki ya ardhi ina thamani. Kwa hiyo uzio wa kando ya lambo sasa una bei.

Hatuna budi, basi, kudai mambo matatu kwa kila ghorofa litakalopanda kando ya stesheni. Kwanza, ardhi ibaki ya umma, ipangishwe kwa muda maalumu. Pili, hesabu za pango ziwe wazi, na sehemu yake ijenge njia katika mikoa ambayo reli haijaifikia. Tatu, ghorofa ya chini iwe na nafasi ya mama lishe na machinga, ambao Oktoba 2021 waliondolewa barabarani, kwani nao ni walipaji.

Kijana wa Mugumu hakupinga ghorofa wala reli. Aliomba hesabu. Kada asiyeweza kumpa hesabu hiyo asimwombe ashangilie.