Kimya cha Watawa na Kimya cha Nyumbani

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Tuliyakumbuka maneno hayo tulipotazama filamu mbili za Philip Gröning, mwongozaji Mjerumani aliyezaliwa Düsseldorf mwaka 1959.

Mwaka 1984 Gröning aliwaomba watawa Wakartusi wa Grande Chartreuse, katika milima ya Alpi nchini Ufaransa, wamruhusu kurekodi maisha yao. Walimwambia bado ni mapema. Walimkubalia baada ya miaka 16 hivi. Alikwenda peke yake, bila taa za kupigia filamu, akaishi nao miezi kadhaa. Matunda yake ni Die große Stille, yaani Kimya Kikuu, iliyotoka mwaka 2005. Kwa zaidi ya saa mbili na nusu hakuna msimulizi wala muziki wa kuongezea. Mtawa anapiga magoti chumbani mwake, mwingine anakata kitambaa cha kanzu, mwingine anawalisha paka. Sisi tuliozoea vipaza sauti hata wakati wa sala tulihangaika mwanzoni, kisha tukatulia. Tulielewa upya kwa nini Eliya hakumkuta Bwana katika upepo wala katika moto.

Hata hivyo filamu hii ina upungufu. Hatuambiwi watawa hawa waliacha nini, wala siku gani walitamani kurudi nyumbani. Mzee mmoja kipofu tu ndiye anayezungumza nasi kwa kirefu, karibu na mwisho, akikitaja kifo bila hofu. Kimya kinapendeza mno, hata mtazamaji aweza kudhani kwamba kunyamaza kwenyewe ni utakatifu.

Mwaka 2013 Gröning alitoa Die Frau des Polizisten, Mke wa Polisi, iliyopata tuzo maalumu ya majaji huko Venice. Hii ni hadithi ya kubuni, yenye sura fupi 59. Mume anampiga mkewe. Alama zinaongezeka mwilini mwa mama, naye anaendelea kumwimbia binti yake mdogo. Kila sura ikiisha skrini inakuwa nyeusi, nasi tunasubiri kwa hofu.

Mwongozaji ni yuleyule, subira ni ileile, lakini vimya ni viwili. Mtawa amekichagua chake mbele za Mungu. Mama yule amefungiwa ndani ya chake.

Hapo tulihukumiwa. Nasi tumewahi kumwona mama ameketi benchi la nyuma, mtandio umefunika shavu. Tulimwambia, "Vumilia, mwanetu, mwombee tu mumeo." Tukaiita hiyo hekima, tukaenda zetu kwenye mazoezi ya kwaya.

Tunawasihi wapendwa wazitazame filamu zote mbili. Ya kwanza itatufundisha kunyamaza tunaposali. Ya pili tuitazame kabla hatujamshauri mama mwingine anyamaze.