Soksi Isiyo na Kisigino

Uamuzi wa kina mama wa Rongai wa kuacha kufuma kisigino katika soksi za kipupwe cha mwaka huu ni kosa, nami nalitamka mwanzoni kwa kuwa sioni faida ya kulisitiri hata mwisho. Sote tuliokuwamo ukumbini tuliwaona wakianza kwa ustadi: vitanzi 60 vikagawanywa katika sindano 3, ya 4 ikafuma, na ribu ya 2 kwa 2 ikabana bila kukaba. Hiyo ilikuwa kazi njema. Kisha soksi ikashuka mpaka kifundoni, mahali ambapo mfumaji stahiki hutua, akahesabu na kugawa; nao hawakutua. Wakaendelea kuzungusha, duru juu ya duru, mpaka kwenye vidole, wakapata mrija mtupu.

Hapo kifundoni ndipo hukumu yote ilipo, basi na tukae hapo kitambo. Katika vitanzi 60, vile 30 vya mbele huachwa vipumzike, na vile 30 vya nyuma hufumwa peke yao, kwenda na kurudi, kitanzi kimoja kikirukwa na cha pili kikifumwa katika kila safu ya mbele, hata zitimie safu 30. Uzi unaopita nyuma ya vitanzi vilivyorukwa huufanya ulimi wa kisigino kuwa mnene, na unene huo ndio ngao ya mahali panaposuguliwa kuliko pote. Ndipo kisigino hugeuzwa: hufumwa vitanzi 17, viwili vinavyofuata huunganishwa, kimoja tena, kisha kazi hugeuzwa kabla ya safu kwisha, na kila mgeuko huvuka pengo lililoachwa na mgeuko uliotangulia, mpaka vitanzi 30 vikabaki 18 na kitambaa kikajikunja chenyewe kuwa kikombe. Huokotwa vitanzi 15 ubavuni huku na 15 huku, jumla ya duru ikawa 78, nayo hupunguzwa viwili viwili kila baada ya duru moja mpaka irudi 60. Hakuna mkasi uliokata wala mshono ulioshona, na kitambaa kimepinda kona nzima kama mguu wa mwanadamu unavyopinda. Fundi cherehani hawezi kulifanya jambo hilo kwa kitambaa chake illa kwa kukata, na atakapokata ataacha mshono. Kuliacha kwa hiari ni kuitupa fadhila ile iliyotufanya tushike sindano badala ya mkasi.

Mmoja wao alinijibu kwa adabu, "Shosho, kisigino kinatumalizia jioni nzima, na mrija unamfaa mtoto hata mguu ukikua." Nalikubali la kukua. Walakini mtoto huyo huyo, masika yakiisha na baridi ya Juni na Julai ikitelemka kutoka Mau, huamka gizani, akavaa gambuti, akaenda zizini kumshika ndama mama yake akikamua, kisha akarudi kujiandaa kwa shule. Ndani ya gambuti soksi isiyo na kisigino haina kitu cha kuishikilia; kila hatua huivuta chini inchi kidogo, na kabla hajafika langoni imekwisha kujikusanya chini ya unyayo, mkunjo juu ya mkunjo, na nyuma ya mguu umebaki mpira mtupu ukisugua ngozi. Nimeviona visigino hivyo jioni vikioshwa kwa maji ya vuguvugu kando ya jiko, malengelenge yamepasuka. Ile jioni iliyookolewa sindanoni hulipwa hapo, na anayeilipa ni mtoto.

Tena, ikiwa ilikuwa lazima wafume mrija, basi maarifa ya mrija yapo, ni ya zamani, na yalitumika katika soksi za wagonjwa wa kitandani. Ribu huendelezwa mpaka karibu na vidole, na kila baada ya duru chache husogezwa kitanzi kimoja kando, ikapanda kwa mzunguko kuuzingira mguu. Kitambaa cha namna hiyo hunyumbuka kila upande na kuushika mguu japo hakina kona. Wao waliifuma sehemu yote chini ya ribu kwa ufumaji laini usionyumbuka vya kutosha, wakawa wamekosa mara mbili.

Kuhusu uzi nimesema miaka yote na nitasema tena. Sufu huweza kunyonya unyevu kadiri ya asilimia 30 ya uzito wake na mguu usihisi maji, ilhali akriliki hainyonyi hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho, basi jasho hubaki juu ya ngozi na kupoa. Rongai iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Molo, penye kondoo wa Corriedale, ni jirani yetu. Wapo wafugaji wanaonyoa sufu wakaitupa, nasi tunanunua akriliki dukani kwa sababu ina rangi ya kupendeza.

Wale waliofundishwa katika vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, hawakuwa na nafasi kutuzidi. Walilima, wakateka maji, wakalea, na aghalabu sindano zao zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe. Na bado hakuna aliyethubutu kuitoa soksi mkononi mwake bila kisigino. Mikono yao ilikigeuza gizani, kwa kuhesabu tu.

Jozi zilizokwisha kufumwa zisigawiwe kama zilivyo. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuandika sana juu ya ufumaji, alieneza njia ya kutia kisigino baadaye: pale kifundoni, katika nusu ya nyuma ya mrija, hukatwa uzi mmoja katikati ya safu, ukafumuliwa pole pole huku na huku, vitanzi 30 vya juu na 30 vya chini huokotwa kwa sindano, kisha hufumwa kwa duru na kupunguzwa pande mbili kama ncha ya vidole, na kufungwa. Ulimi mnene hautakuwapo, lakini kona itakuwapo. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya jioni moja kwa jozi, na uzi uliobaki kikapuni unatosha.