Mkware Aliyeachiwa Sauti: Ufundi wa Almodóvar katika Filamu ya 1988

Futuhi nyeusi, yaani kazi ya kuchekesha inayochota kicheko chake katika mambo ambayo kwa kawaida huleta simanzi au hofu, kama vile wazimu, kifo na jaribio la mauaji, huwa ngumu zaidi inapochanganywa na mapenzi. Mkware akipewa haiba kupita kiasi, hadhira humsamehe mapema na machungu ya wanawake aliowaacha huonekana kuwa kelele tupu. Akifanywa katili mno, kicheko hukatika na kazi nzima hugeuka kuwa kesi ya mahakamani. Mpenzi aliyepagawa naye ana hatari yake, kwa kuwa ni rahisi kumfanya kichaa wa kuchekwa au jini la kutisha, na katika hali zote mbili ubinadamu wake hupotea. Mwongozaji wa Uhispania, Pedro Almodóvar, aliitatua shida hii mwaka 1988 katika Mujeres al borde de un ataque de nervios, jina linalozungumzia wanawake waliofika ukingoni mwa kupandwa na kichaa, na utatuzi wake ulikuwa wa kiufundi kabla ya kuwa wa kimaadili: alimnyang'anya mkware mwili akamwachia sauti.

Kisa chenyewe kinaenda hivi. Pepa, anayeigizwa na Carmen Maura, ni mwigizaji anayeishi Madrid, na ameachwa na Iván, mwanamume wa makamo anayeigizwa na Fernando Guillén, kwa ujumbe uliorekodiwa kwenye mashine ya simu. Anamtafuta ili amweleze kwamba ana mimba yake. Wakati huohuo Lucía, mwanamke wa zamani wa Iván, anayeigizwa na Julieta Serrano, ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili na hajamsahau mwanamume huyo. Wakati Pepa anafikiri kwamba Iván amemwacha ili arudi kwa Lucía, na Lucía anafikiri kwamba Pepa ndiye anayemshikilia, Iván yuko njiani kwenda Stockholm na mwanamke wa tatu.

Chimbuko la muundo huu ni tamthilia ya Jean Cocteau ya mwaka 1930, La Voix humaine, ambamo mwanamke mmoja yuko peke yake jukwaani akizungumza kwa simu na mpenzi anayemwacha, na hadhira haimsikii mwanamume huyo hata mara moja. Almodóvar aliichukua hali hiyo akaipindua. Katika filamu yake mwanamume husikika karibu kila mara ambapo hapatikani, na mwanamke ndiye asiyepata nafasi ya kujibu. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoibadilisha tanzia ya Cocteau kuwa futuhi, kwa sababu mtu anayejibizana na mashine hulazimika kutenda mambo ambayo mtu anayejibizana na binadamu hangeyatenda: huing'oa simu ukutani, huitupa mashine dirishani, hukimbilia mlio wa kengele akakuta umekatika.

Ili sauti hiyo iwe na msingi katika hadithi, Almodóvar aliwapa Pepa na Iván kazi moja, ile ya kuingiza sauti katika filamu za kigeni. Kuingiza sauti ni kuifuta sauti ya mwigizaji wa asili na kuweka mahali pake sauti ya mwigizaji mwingine anayesema kwa lugha ya watazamaji, huku akiufuata mwendo wa midomo iliyomo kwenye picha. Uchaguzi huu una mizizi katika historia ya nchi ile, kwani mwaka 1941 utawala wa Jenerali Franco uliamuru filamu zote za kigeni zizungumze Kihispania, na hata baada ya sharti hilo kulegezwa mazoea yalibaki, kiasi kwamba vizazi kadhaa vilijifunza maneno ya mapenzi kutoka kwa waigizaji wa Hollywood waliosema kwa sauti za watu wasiojulikana nyuso. Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika mabanda ya video, ambako dijei huwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, au aliyefuatilia tamthilia za Amerika ya Kusini zilizotiwa sauti nyingine, hahitaji maelezo marefu ili atambue jinsi sauti inavyoweza kumtawala mtu ambaye hamjui mwenye nayo.

Onyesho la studio ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko mengine yote. Filamu inayoingizwa sauti ni Johnny Guitar ya Nicholas Ray, ya mwaka 1954, na kipande kilichochaguliwa ni kile ambamo Sterling Hayden anamwomba Joan Crawford amdanganye kwamba amekuwa akimngoja miaka yote. Iván anafika studio mapema na kurekodi upande wake peke yake. Kamera inaisogelea midomo yake na kipaza sauti hadi uso wake unakaribia kukosa maana, na wakati huo midomo ya Crawford inacheza kwenye skrini bila kutoa neno. Saa kadhaa baadaye anafika Pepa, aliyechelewa kuamka kwa sababu ya vidonge vya usingizi, naye anarekodi upande wake akiisikia sauti ya Iván masikioni. Kwa hiyo mazungumzo ya mapenzi yaliyo kamili kabisa katika filamu nzima ni ya watu wawili ambao hawakukutana chumbani, wanaosema maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, juu ya picha za watu wengine. Pepa anapolazimika kutamka kwamba anampenda bado, maneno ambayo ni ya kazi yake na ni ya moyo wake kwa wakati mmoja, anazimia. Hakuna mahali ambapo uigizaji wa Maura umepanda juu kuliko hapa, na ni vigumu kumfikiria mwongozaji mwingine wa miaka ile ambaye angeweza kulifikisha jeraha hilo kwa kutumia kifaa cha studio badala ya machozi.

Kama katika onyesho hilo, kila chombo cha mawasiliano kinachoonekana hubeba ukware wa Iván. Katika ndoto ya Pepa, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, Iván anatembea na kipaza sauti mkononi akipita mbele ya safu ya wanawake, na kila mmoja wao Iván anamtupia sifa kama mtu anayesoma kutoka karatasini. Anapotaka sanduku lake la nguo anaomba kwa ujumbe wa mashine, na Pepa anapopita karibu naye barabarani anajibanza ndani ya kibanda cha simu asionekane. Mkware wa namna hii hahitaji kuhukumiwa kwa hotuba, kwa kuwa woga wake wa kukutana uso kwa uso unatosha. Tena, mwanawe Carlos, aliyeigizwa na Antonio Banderas kijana, ana kigugumizi. Mrithi wa mwanamume mwenye ulimi laini kuliko wote hawezi kumaliza sentensi bila kukwama, na filamu haisemi lolote juu ya jambo hilo, ikimwachia mtazamaji aliunganishe mwenyewe.

Lucía amejengwa kwa maleba, yaani mavazi na mapambo ya mwigizaji, kama Iván alivyojengwa kwa sauti. Anavaa nguo na mawigi ya miaka ya 60, mtindo wa enzi alizopendwa, hivyo kila anapoingia mtazamaji huona mwili ambao saa yake ilisimama siku ya kuachwa. Hapa ndipo nyuzi mbili za filamu zinapofungwa fundo moja. Lucía anasimulia kwamba alikuwa amemsahau Iván hospitalini mpaka alipoisikia sauti yake kwenye televisheni ikimtamkia mwanamke wa filamu maneno ya mapenzi. Kumbukumbu ikamrudia, akajifanya amepona ili aruhusiwe kutoka, akiwa na nia ya kumuua. Sauti iliyouzwa kwa hadhira nzima ilimfikia mtu mmoja aliyeiamini. Serrano anayasema haya kwa utulivu, bila kukodoa macho wala kupiga kelele, na utulivu huo ndio unaomwokoa mhusika asigeuke kioja.

Taharuki, yaani hali ya mtazamaji kungojea kwa wasiwasi jambo analojua litatokea, inabebwa na mtungi wa gazpacho, supu baridi ya Kihispania inayotengenezwa kwa nyanya, tango, pilipili hoho, kitunguu, kitunguu saumu kidogo, mafuta, siki, chumvi, maji na mkate uliokauka. Pepa ameitilia vidonge vya usingizi akimkusudia Iván, ambaye haji. Almodóvar anatuonyesha vidonge vikiingia mapema, kisha anauacha mtungi ule jikoni huku nyumba ikijaa watu, na tangu hapo kila glasi inayoinuliwa huwa tukio. Marisa, mchumba wa Carlos, anakunywa bila kujua na kulala. Baadaye Pepa, akiwa tayari anaielewa silaha aliyo nayo, anawakirimu polisi wawili na fundi wa simu. Sumu iliyoandaliwa kwa ajili ya mapenzi inawalaza wawakilishi wa sheria, na Lucía anazichukua bastola zao. Huu ni uandishi wa uchumi mkubwa, kwa sababu kifaa kilekile kinachekesha mara ya kwanza na mara ya pili kinafungua njia ya mauaji, pasipo kuhitaji kuletwa chombo kipya.

Mbio za kuelekea uwanja wa ndege, Lucía akiwa nyuma ya pikipiki aliyoiteka na upepo ukizisukuma nywele za wigi lake nyuma, zimepigwa kwa furaha ya katuni, jambo linalohitajika ili risasi zisiwe nzito kupita uwezo wa futuhi. Pepa anasukuma kitoroli cha mizigo kinachomgonga Lucía wakati anafyatua, na Iván ananusurika. Ndipo kwa mara ya kwanza mkware anasimama mbele ya Pepa akiwa na mwili wake wote, na yuko tayari kuzungumza. Pepa anakataa, kwa kuwa muda umepita, wala hamwambii habari za mimba. Iván aliyekuwa mkubwa akiwa hayupo anakuwa mzee wa kawaida mwenye tiketi mkononi.

Lililobaki lina kasoro. Wakili Paulina Morales, mwanamke wa tatu, amechorwa kwa chuki isiyolingana na kosa lake, na magaidi waliomponza Candela, rafiki wa Pepa, wapo hasa ili polisi wapate sababu ya kubisha hodi. Lakini uamuzi mzito zaidi unamhusu Lucía, ambaye baada ya kushindwa anaomba mwenyewe arudishwe hospitalini, na filamu inamwacha hapo ili imfuate Pepa hadi nyumbani. Pepa amepewa muda wa kupona. Mwanamke aliyeumizwa kwa miaka mingi zaidi na mwanamume yuleyule hakupewa hata onyesho moja baada ya bastola kuanguka, na muundo wenyewe, uliowafananisha wanawake hao wawili kwa uangalifu mkubwa tangu mwanzo, ulikuwa tayari umeidai nafasi hiyo.