Kinundu kinachomtenga jogoo na mtetea

Kifaranga wa siku moja hana upanga kichwani wala kipi mguuni. Mfugaji wa kuku wa mayai akingoja dalili hizo zijitokeze, atakuwa amewalisha majogoo kwa wiki kadhaa bila faida. Majogoo wa mbegu hiyo hawatagi, na hawanenepi haraka kama kuku wa nyama.

Jibu lilipatikana Japani miaka ya 1920. Kiyoshi Masui na wenzake, akiwamo Juro Hashimoto, walichunguza tundu la haja la kifaranga, wakagundua kwamba kwenye ukingo wake wa ndani, upande wa tumbo, kuna kinundu kidogo kama kichwa cha pini. Hicho ndicho chanzo cha kiungo cha uzazi cha dume. Mwaka 1927 ugunduzi huo uliwasilishwa kwenye kongamano la dunia la kuku mjini Ottawa, na katika muongo uliofuata wataalamu wa Kijapani wakawa wanaitwa kufanya kazi hiyo Marekani na Kanada.

Kazi yenyewe huanza na kinyesi. Kifaranga hushikwa mkononi, tumbo likabanwa taratibu mpaka kinyesi kitoke, maana kikibaki kitaficha kila kitu. Kisha, chini ya taa kali, vidole hulifungua tundu na kuligeuza nje kidogo. Kinundu cha jogoo ni cha mviringo, kimejaa na kinang'aa. Kwa mitetea wengi hakuna kitu, au pamelala bapa. Shida ni wale mitetea wachache wenye kinundu kinachokaribia kufanana na cha jogoo. Hapo mtaalamu hukigusa: cha jogoo ni kigumu kidogo na hubaki na umbo lake, cha mtetea hulegea na kupotea. Yote haya hufanywa ndani ya siku ya kwanza, kabla tundu halijawa gumu kufunguka. Fundi aliyekomaa hupitisha vifaranga wapatao 1,000 kwa saa, akikosea wawili hivi katika kila 100.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba jicho hili halifundishiki kwa maneno, kwamba mwanafunzi hukaa tu kando ya bwana wake mpaka limkae. Sikubaliani. Mwaka 1987 Irving Biederman na Margaret Shiffrar waliwaonyesha watu wasiojua lolote picha 18 za matundu hayo, wakapatia takriban asilimia 60, juu kidogo ya kubahatisha. Baada ya kusoma karatasi moja iliyowaelekeza mahali pa kutazama, na kama umbo limevimba au limebonyea, walifikia asilimia 84. Picha haitoi kinyesi wala haipigi mateke, kwa hiyo wepesi wa vidole bado unahitaji miezi ya mazoezi. Lakini jicho linafundishika, na ni haki wanaojifunza waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Njia nyingine imeuhamisha ujuzi kutoka mkononi hadi kwa wazazi. Jeni ya kuchelewa kuota manyoya ya bawa iko kwenye kromosomu Z, na kuku jike ana Z moja tu, ambayo huwapa watoto wake wa kiume peke yao. Ukimpandisha jogoo wa mbegu inayoota manyoya upesi kwa jike wa mbegu inayochelewa, mabinti hufuata baba na wavulana hufuata mama. Ukikunjua bawa, kwa mtetea manyoya makubwa yamepita yale ya kufunika. Kwa jogoo yanalingana au ni mafupi zaidi.

Ndiyo maana mtu akijaribu kukunjua mabawa ya vifaranga wa kienyeji, waliozaliwa na wazazi ambao hakuna aliyewapanga, atadanganyika. Bawa la kifaranga huyo linaonyesha kasi ya manyoya tu. Kwake yeye kilichobaki ni kinundu, au kungoja upanga.