Sifa za Asiye na Mpira

Mbio zimesifiwa vya kutosha. Kila mashindano ya raga ya wachezaji saba yanapomalizika, video zinazozunguka kwenye simu ni za kijana aliyechomoka pembeni, akawaacha walinzi watatu wakimtazama mgongo, akaenda kuutua mpira katikati ya milingoti, yaani kufunga trai, huku anatabasamu. Sina ugomvi na kijana huyo. Lakini nikiulizwa ufundi wenyewe wa mchezo huu uko wapi, nitataja jambo ambalo kamera hulionyesha kwa nusu sekunde tu: pasi inayotolewa na mtu anayeanguka, na mwenzake aliyeanza kuifuata kabla haijatoka mkononi.

Atakayetaka kuuona ufundi huo ulipofika kilele, airudie fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, iliyochezwa uwanja wa Deodoro tarehe 11 Agosti 2016. Raga ilikuwa imerudi Olimpiki baada ya miaka 92. Mara ya mwisho ilikuwa Paris mwaka 1924, ya wachezaji 15 kila upande, na Marekani ndiyo iliyoondoka na dhahabu. Iliporudi ilirudi kama mchezo mwingine kabisa, ule uliobuniwa mwaka 1883 huko Melrose, Uskoti, na Ned Haig, mtu wa buchani aliyekuwa akitafuta njia ya kuipatia klabu yake fedha.

Haig alipunguza watu, uwanja akauacha ulivyo. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli ni mita 100, na upana ni mita 70. Watu 30 wakiugawana, kila mmoja anapata mita za mraba 233 hivi. Watu 14 wakiugawana, kila mmoja anabaki na mita za mraba 500 za kulinda peke yake, kwa dakika saba, mapumziko ya dakika mbili, kisha dakika saba nyingine. Hakuna binadamu anayeweza kulinda eneo hilo. Anachoweza ni kukisia, na timu nzima ya ulinzi huwa ni watu sita waliosimama kwenye mstari wakikisia kwa pamoja, na mmoja nyuma yao anayeomba Mungu wasikosee.

Sasa fikiria kinachotokea mwenye mpira anapoangushwa. Sheria inamtaka auachie mara moja. Wenzake wawili hukimbilia pale kuulinda usiporwe, na kwa timu ya watu saba hiyo ni hasara kubwa: mmoja yuko chini, wawili wameinama juu yake, wamebaki wanne. Wapinzani nao wanapata walichokuwa wakikitamani kuliko chochote, yaani muda. Wanapumua, wanajipanga upya, mstari unanyooka. Kazi yote iliyofanywa kuuvunja inaanza tena sifuri.

Ndiyo maana fundi hakubali kufika chini na mpira. Anamwendea mlinzi, lakini hamlengi kifuani; anamlenga begani, ili akigongwa ageuke badala ya kukwama. Mlinzi akimkaba miguu, mikono imebaki huru. Akimkaba mikono ili aufungie mpira, miguu inaendelea kusukuma hatua mbili, tatu, na katika hatua hizo mkono mmoja hujinasua. Mpira unapita nyuma ya mgongo wa mlinzi, au chini ya kwapa lake, wakati mwingine kwa kiganja kimoja kilichoufumbata kama chungwa. Mlinzi ameshinda mweleka na amepoteza mchezo kwa wakati mmoja.

Hadi hapo nimemsifu mtoaji, na hivyo ndivyo watangazaji wote wanavyofanya. Mimi namtafuta wa pili. Pasi ile haimtazami mtu, kwa sababu anayeanguka hana nafasi ya kutazama. Inatupwa mahali, na mahali pale lazima awepo mtu. Akitangulia hata kwa hatua moja, pasi inakuwa ya kwenda mbele na mwamuzi anapuliza filimbi. Akichelewa, mpira unadunda ardhini, na mpira wa raga kwa umbo lake la yai hudunda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo hukaa nyuma kidogo, mita mbili au tatu, akichelewa kwa makusudi, halafu anafumka kama aliyefukuzwa. Na mara nyingi hapewi. Mwenye mpira amepita mwenyewe, au amepeleka upande wa pili, na yule mkimbiaji amemaliza mita 40 za mbio kamili kwa malipo ya hewa. Sekunde kumi baadaye anatakiwa aanze tena, akiwa na imani ileile.

Wafiji wanaujua mchezo huu hivi tangu utotoni. Ni nchi ya watu wasiofika milioni moja, na huko raga huchezwa kijijini na mitaani, hata kwa chupa ya plastiki pale mpira unapokosekana. Jerry Tuwai, aliyekulia mtaa maskini wa Newtown pembezoni mwa Suva, ni mtoto wa raga hiyo ya chupa. Chupa haitupiki mbali. Inakulazimisha umsogelee mwenzako, na umpe ukiwa karibu sana na hatari. Waisale Serevi, aliyewaongoza kutwaa Kombe la Dunia la wachezaji saba mwaka 1997 na tena 2005, mara zote Hong Kong, alikuwa ameshaionyesha dunia kwamba mikono ya namna hiyo ipo.

Kocha aliyewapeleka Rio, Ben Ryan, ni Mwingereza aliyefika Fiji mwaka 2013 baada ya kuinoa timu ya kwao. Wapo wanaosimulia habari zake kana kwamba aliwafundisha raga. La hasha. Alichofanya ni kuwapandisha na kuwashusha kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka, mchana wa jua, mpaka mapafu yao yakalingana na mikono yao. Nadhani hilo ndilo alilolielewa kuliko makocha wengi: kuaminiana uwanjani kunahitaji pumzi. Mtu aliyechoka hasaliti kwa kupenda. Anapunguza mwendo kidogo tu, anajiambia safari hii hatapewa, na pasi ndiyo inakuja hapohapo. Timu inayotaka kutupa mpira pasipo na mtu lazima kwanza iwe na watu wanaoweza kufika pasipo na mtu hadi dakika ya 14.

Mwaka ule haukuwa mwepesi kwao. Mwezi Februari kimbunga Winston kilikuwa kimeipiga Fiji na kuua watu 44. Wala njia ya kufika fainali haikuwa ya tambarare. New Zealand waliwabana kwenye robo fainali mpaka 12 kwa 7. Upande wa pili Uingereza walifika bila kufungwa mechi hata moja, baada ya kuwatoa Afrika Kusini 7 kwa 5 kwenye nusu fainali, kwa ukabaji wa kung'ang'ania usioachia mtu apumue. Hawa ndio watu waliokuja kukutana na ile mikono.

Nahodha wa Fiji, Osea Kolinisau, alifungua mapema. Tuwai akafuata. Kufikia mapumziko ilikuwa 29 kwa 0, trai tano katika kipindi kimoja, na Waingereza hawakuwa wamecheza vibaya. Ukiirudia mechi polepole utaona wanakaba vizuri, wanamfikia mwenye mpira, wanamshika, na kila wanapomshika mpira haupo tena. Leone Nakarawa, jitu la karibu mita mbili aliyekuwa akicheza raga ya wachezaji 15 Glasgow, ana mkono mrefu unaoweza kumzunguka mtu mzima na kuutoa mpira upande wa pili. Mchezaji hodari wa bao huzigawa kete akijua ya mwisho itaangukia shimo gani. Wafiji siku ile walikuwa wanacheza hivyo, huku wakikumbwa na watu wenye kilo mia moja. Mwisho ikawa 43 kwa 7. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Fiji, ya rangi yoyote ile. Wachezaji walifanya duara wakaimba wimbo wa dini, na wakati wa kuvishwa medali kila mmoja alipiga goti mbele ya Princess Anne. Baadaye Fiji ilitoa noti ya dola saba kwa heshima ya timu hiyo.

Trai pekee ya Uingereza siku ile ilifungwa na Dan Norton. Namtaja kwa sababu anatugusa. Mwezi Mei mwaka uleule, mjini London, Collins Injera wa Kenya alikuwa amempita Muajentina Santiago Gómez Cora na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa trai katika msururu wa dunia. Mwaka 2017 Norton ndiye aliyemvua rekodi hiyo.

Na Kenya yenyewe? Hapa panauma. Chini ya miezi minne kabla ya Rio, Aprili 2016, Shujaa, timu ya Kenya, walikuwa wamewapiga Wafiji haohao 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye Mungu alimchukua mwaka 2021. Siku ile Wakenya ndio waliokuwa wakifika mahali kabla ya pasi. Rio walifungwa mechi zote tatu za kundi lao, na Uingereza, New Zealand na Japani, wakamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Sababu zilizotajwa ni nyingi na nyingine ni za ofisini, sitaziingia. Nitasema tu nilichokiona uwanjani: mwenye mpira wa Kenya alikuwa akianguka peke yake. Mbio zilikuwepo. Misuli ilikuwepo. Wa pili hakuwepo.

Hata Wafiji wamewahi kuonja dawa yao. Walitetea dhahabu Tokyo mwaka 2021, Tuwai akiwa nahodha, wakaingia fainali ya Paris 2024 wakiwa wameshinda mechi zote 17 walizowahi kucheza Olimpiki. Hadi mapumziko Ufaransa na Fiji walikuwa sare, 7 kwa 7. Kisha upande wa Ufaransa akaingia Antoine Dupont. Magazeti ya kesho yake yaliandika trai zake mbili, na ni haki yake. Lakini kabla ya kufunga hata moja alipasua pembeni kushoto, akabanwa, na badala ya kufa na mpira akautoa kwa Aaron Grandidier Nkanang, ambaye alikuwa ameshafika. Ufaransa wakashinda 28 kwa 7. Mimi trai hiyo ya kwanza ya kipindi cha pili ndiyo niliyoirudia mara nyingi, na kila ninapoirudia simtazami Dupont.

Basi, msomaji, utakapokwenda kwenye Safari Sevens jijini Nairobi, au utakapofungua televisheni wakati wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, nakuomba jambo moja. Mwache mwenye mpira, watu elfu kumi wanamtazama. Mchague mmoja wa timu yako asiye nao, umfuate yeye tu kipindi kizima, na uhesabu ni mara ngapi amekimbia bure. Ukimpata aliyekimbia bure mara tisa na ya kumi akafumka kwa kasi ileile, mpigie makofi huyo, hata kama hajaugusa mpira.