Lifti ya Hannover: Namna Mgeni Anavyopandishwa Ndani ya Kuba

Ukiingia katika jumba jipya la jiji la Hannover, Neues Rathaus, usikimbilie lifti. Wageni wengi huikimbilia kwa sababu ndiyo yenye sifa, nao wana haki: hupanda ikijipinda kufuata mviringo wa kuba. Lakini ziara hii ina mpangilio wake, na anayeanzia juu huipoteza nusu yake.

Tuanze na jengo lenyewe. Kazi ilianza mwaka 1901 chini ya msanifu Hermann Eggert. Baadaye alihitilafiana na wakuu wa jiji, na Gustav Halmhuber akakamilisha sehemu za ndani. Kaiser Wilhelm II alilizindua Juni 1913, na inasimuliwa kuwa mkuu wa jiji, Heinrich Tramm, alimweleza kwa fahari kwamba limegharimu marki milioni kumi, zote zimelipwa taslimu. Udongo wa pale ni wa majimaji, jirani na mto Leine, kwa hiyo jengo lote limekalia nguzo 6,026 za miti migumu zilizopigiliwa ardhini. Mti uliozama kabisa chini ya maji haupati hewa, na kuvu wanaouozesha hawawezi kuishi. Balaa huja maji ya ardhini yakishuka.

Kilele cha kuba kinakaribia mita 98. Mtu atafikaje huko? Katikati ya jengo kuna ukumbi mkubwa ulioachwa wazi, na kupitisha shimo la lifti hapo kungeuharibu. Pembeni nako kuna kikwazo: shimo lililonyooka lingetoboa kuba na kujitokeza nje. Ikabaki njia ngumu, ya kuifanya lifti iiname pamoja na jengo, kama mkwezi anayefuata mnazi uliopinda.

Ugumu wenyewe ni huu. Lifti ya kawaida huning'inia kwenye waya, uzito wake wote ukielekea chini, na reli za pembeni huizuia tu isiyumbe. Ya Hannover huinama hadi nyuzi 17. Kwa pembe hiyo, reli huegemewa kwa nguvu inayokaribia asilimia 29 ya uzito wa chumba na abiria, kwa hiyo magurudumu na reli lazima vibebe mzigo kwelikweli. Waya nao una tabia yake: ukikazwa hutaka kunyooka, yaani kukata kona. Ili ufuate upinde, unapitishwa juu ya roli zilizopangwa njiani. Kila roli ni mahali pa msuguano, na msuguano ni uchakavu. Lifti ya namna hii hudai matunzo makubwa kuliko ile iliyonyooka, na mwaka 2008 mitambo ya zamani ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa mipya.

Mabadiliko hayo nayapenda kwa jambo moja hasa: chumba kipya kimewekewa kioo sakafuni na darini. Zamani abiria alihisi mwinamo bila kuona kinachousababisha. Sasa anaona shimo likipinda chini ya miguu yake, na jibu la mhandisi linajieleza bila maneno. Chumba ni kidogo, watu wachache tu kwa safari moja, kwa hiyo msimu wa joto foleni huwa ndefu. Wakati wa baridi lifti hufungwa. Lifti inapokomea, zinabaki ngazi nyembamba za kuzunguka hadi jukwaani.

Na sasa sababu ya kutokimbilia juu. Chini, katika ukumbi mkuu, zimepangwa modeli nne za jiji: mwaka 1689, 1939, 1945 na siku hizi. Ile ya 1689 ni mji mdogo uliozungukwa na ngome. Ya 1939 ni jiji lililojaa paa, na upande wa kusini wa jumba kuna ziwa Maschsee, lililochimbwa kwa mikono ya vibarua kati ya 1934 na 1936. Ya 1945 ni kuta zisizo na paa, mtaa baada ya mtaa. Shambulio moja la ndege, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Oktoba 1943, liliua zaidi ya watu elfu moja.

Aliyesimama mbele ya modeli hizo huku akilinganisha hufika juu akiwa na maswali. Analitafuta kanisa la Aegidien na kulikuta bado halina paa, kwa kuwa jiji liliamua kuliacha gofu liwe ukumbusho. Anatazama barabara pana na kutambua kwamba zilichorwa upya baada ya vita. Asiyeziona modeli ataona paa, miti na maji, na kusema mandhari ni mazuri.

Kwa msomaji wa Tanzania nina ombi la ziada. Ukiwa jukwaani, geukia kusini-mashariki, mtaa wa Südstadt. Huko mwaka 1935 ilijengwa kumbukumbu ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, aliyeamuru Waafrika wawili, Mabruk na Jagodja, wanyongwe kule Kilimanjaro. Mwaka 1988 liliongezwa bamba linaloigeuza kuwa ukumbusho dhidi ya ukoloni, na mwaka 1994 uwanja uliokuwa na jina lake ukapewa la mpigania amani, Bertha von Suttner. Modeli za ukumbini hazina nafasi ya kueleza habari hii, na kutoka juu jiwe lile halisomeki. Ukishuka, nenda kwa miguu ukalisome mwenyewe.